Malafyale Amepata Majirani

Ipyana, Kyela,
Mbeya.
Jumapili, 23 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Tumpale,

Bwana Yesu asifiwe. Ugonile, mdogo wangu? Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Newala, na kile kifua kilichokuwa kinakubana kwa vumbi la huko juu kimeachia. Sisi hatujambo kwa neema. Baba Kisa mgongo unamsumbua tangu tulipoanza kupalilia mpunga, lakini anatembea na anatania, kwa hiyo tunajua haumwi sana. Kisa yuko chuoni Iringa, anakusalimu mama yake mdogo. Mimi mwenyewe ni mzima, tena nimenenepa, gauni la kwaya limeanza kunibana makwapani.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Haya ninayotaka kukueleza nimeyajaribu kwenye simu, na kila nikikaribia utamu mtandao unakatika, nabaki nasema halo, halo, peke yangu uani kama mtu aliyepagawa. Nimetoka kanisani, nimekula, nimekaa. Na wewe kaa vizuri.

Uliniuliza mambo mawili: kama samaki wako bado yu hai, na kama Mama amekubali kuhama Bujonde kabla maji hayajaja. Tumpale, mambo hayo mawili yamekuwa jambo moja, na moyo unanidunda kama wa msichana aliyeposwa. Lakini nisiruke. Nianze na samaki.

Malafyale tulimweka sebuleni juu ya kabati, kwenye kile kitangi cha kioo ulichoniachia naye ulipohamishwa. Jina ulimpa sawasawa. Huyo ni chifu kweli, maana joho lake la bluu ya wino, lenye wekundu pembeni, sidhani kama machifu wetu wa zamani waliwahi kuvaa la namna ile. Ukimwekea kidole kwenye kioo anatanua mashavu, anajitanda mapezi, anakuuliza umekuja kutafuta nini nchini kwake. Nilikuwa nampa chakula chake punje chache kama ulivyonionyesha, nambadilishia maji, na jioni Baba Kisa akitoka kwenye kakao anavuta kiti, anamtazama yeye badala ya taarifa ya habari. Tulikuwa na amani.

Kisha mwezi wa kwanza Mama akaja kwenye semina ya akina mama wa kanisa, akafikia kwetu.

Unamjua Mama na ukwe wake. Watu wa siku hizi wanakaa meza moja na wakwe zao na kugombania paja la kuku, ila Mama si wa siku hizi. Tangu niolewe hajawahi kula mbele ya Baba Kisa, wala kumsemesha, wala kukaa naye chumba kimoja. Akisikia sauti yake, anatokea mlango wa nyuma. Mambo ya kuku na shamba anayosingizia ni ya juu juu tu. Sababu ya kweli ya kukataa kuhamia kwetu ndiyo hiyo: atapita wapi, atajificha wapi, nyumba ya mkwe ina mlango mmoja wa maana. Kaka yetu Hezroni ndiye angempokea kwa desturi, lakini yuko Karonga na biashara zake, na Mama anasema hawezi kwenda kuzikwa ng'ambo ya mpaka. Basi akabaki Bujonde, peke yake, kwenye nyumba ambayo mwaka jana maji yalifika kwenye godoro wakamtoa kwa mtumbwi. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi, na najua na wewe pia.

Sasa asubuhi Baba Kisa akiwa shambani, Mama akaingia sebuleni, akamwona Malafyale. Akainama akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani:

"Huyu amekosa nini?"

Nikamwambia hajakosa, ndivyo anavyoishi, peke yake. Akasema hakuna anayeishi hivyo. Hata mchawi akifukuzwa kijijini, akasema, anafukuzwa pamoja na mke wake. Unajua sisi Wanyakyusa tulivyolelewa na ukwangala: kukaa na wenzako, kuongea, kucheka, kula sahani moja, ndio utu wenyewe. Anayekula peke yake anaogopwa. Na Mama akaongeza kwamba Mungu mwenyewe alimwona Adamu yuko peke yake bustanini akamhurumia, sasa sisi ni nani tumwache kiumbe anazunguka na kivuli chake? Kwenye maandiko Mama ananishinda.

Ndipo nilipokupigia kukuuliza kama Malafyale anaweza kuwekewa mwenzake. Simu ilikuwa inakwaruza. Nilichosikia ni hiki: mwenzake hapana, weka wengine wapole. Kisha ukapotea. Mama alikuwa ametega sikio karibu na simu, akaondoka na maneno hayo mpaka Bujonde.

Haikupita wiki, namwona anaingia kwa mlango wa jikoni na ndoo ya rangi kichwani, maji yanamchuruzika shingoni, anatabasamu. Ndani kuna samaki wa bluu mwenye mistari myeusi, wale wadogo wa kwenye mawe ya Matema, ambao ndugu zetu wa Malawi wanawaita mbuna. Alimwagiza Patrick, jirani yake anayepeleka ndizi kule. Nikamkumbusha kwamba ulikataza. Akasema:

"Tumpale amekataza mwenzake. Huyu si mwenzake, huyu ni mwenyeji. Mgeni asiye na mwenyeji atajuaje njia?"

Mdogo wangu, niliona ni hoja. Na rangi zao zilivyofanana nilisema watadhani ni ndugu. Tukamtia.

Ah, Tumpale. Yule mbuna alizunguka tangi mara moja kama mtu anayepima kiwanja. Akachagua lile jiwe lako jeupe, akakaa. Malafyale akashuka na majoho yake yote kumpokea, mashavu wazi. Kumbe kwa mbuna yale ni matangazo ya vita. Alimrukia mkia akang'ata, akarudi akang'ata tena, na Malafyale na hayo mapezi marefu angekimbilia wapi, kama bibi harusi anayekimbizwa na mbwa. Vipande vya joho vikaanza kuelea. Mama akatia mkono majini kuwatenganisha, akapiga kelele.

Baba Kisa ndio kwanza alikuwa anavua mabuti barazani. Akadhani ni nyoka. Akaingia na panga, buti moja mguuni, lingine mkononi. Na hapo ndipo walipokutana: Mama upande huu wa kabati, mkwewe upande ule, samaki katikati. Mama akavuta kanga akajifunika uso mzima, lakini mkono wake mmoja hakuutoa majini.

"Sekela," akasema kutoka ndani ya kanga, "mwambie Baba Kisa alete chujio la chai."

Baba Kisa alikuwa umbali wa kumgusa. Akatazama dari.

"Mama Kisa, mwambie Mama la chai ni dogo, naleta la togwa."

"Mwambie akimbie basi."

"Mwambie nimeshakimbia."

Na mimi nimesimama katikati yao kama mkalimani wa mkutano wa injili, sijatafsiri hata neno moja.

Mbuna alitolewa, akarudishwa kwenye ndoo, kesho yake Patrick akaenda naye Matema alikozaliwa. Hana kosa, alifanya walivyomfunza kwao kwenye mawe. Lakini Malafyale, mdogo wangu, mkia wake ulibaki kama bendera za chama baada ya uchaguzi. Alilala chini kwa ubavu, anapanda juu kuvuta hewa, anashuka, analala. Ndiyo sababu siku zile nilikuwa nakujibu kwa mkato kwenye simu, sikuweza kukudanganya na sikuweza kukuambia.

Namba ya Tumaini, yule dada wa Mbeya uliyenunua samaki kwake, ninayo, nikampigia. Akaniambia nisilie, mapezi ya beta, ndilo kabila la Malafyale, yanaota tena kama kucha, mradi maji yawe safi kila siku na yasiwe baridi. Joto huku kwetu tunalo la kugawa. Maji ya kisima tukawa tunayaacha yatulie kwenye beseni kwanza ndipo tunambadilishia, kidogo kidogo. Na nilimwombea. Usicheke. Mchungaji hajui.

Mama alisema haondoki mpaka mgonjwa apone, maana yeye ndiye aliyemletea jambazi. Nikafurahi moyoni nikanyamaza, nikajua nikifungua mdomo atakumbuka kuku wake. Tukaanza kuishi kwa zamu. Asubuhi sebule ni ya Mama, jioni ni ya Baba Kisa. Ili asimfumanie mkwewe, Baba Kisa akawa anakohoa kuanzia barabarani, mpaka jirani akaja kuniuliza kwa siri kama ameshapimwa kifua kikuu.

Malafyale akaanza kupanda juu. Pembeni ya mkia pakatokea utando kama nailoni, haujawa na rangi. Siku alipokula punje yake ya kwanza Mama aliimba.

Lakini bado Mama hakuridhika. Baba Kisa kwa upande wake alisema, akiwa upande wa pili wa ukuta, kwamba samaki ameshaonja wageni, aachwe. Nikamuuliza Tumaini. Yeye alisema beta akikaa peke yake si dhambi wala si mateso, wengi wanaishi hivyo na wanazeeka. Ila mkitaka awe na majirani, anzeni na nyumba kubwa, kile kitangi ni kama chumba cha bachela. Basi tukaenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu pale mjini Kyela. Alikuwa na vioo vizito vya dirisha lililokataliwa na mwenyewe, akavikata, akavigandisha kwa silikoni, tukapata tangi lenye urefu wa benchi la shule. Tukalijaza maji na kuliacha uani ili lijaribiwe. Halikuvuja. Baba Kisa alilizunguka kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyeshinda maonyesho.

Nikajiandaa kwenda Mbeya kuchukua hao majirani. Mama akasema na yeye anakwenda. Nikamwambia kule kuna baridi, na ni samaki tu. Akasema nani anapokea mke bila kwenda kuuliza kwao? Akavaa sweta langu, tukaenda.

Tumpale, laiti ungekuwepo dukani. Kila ukuta maji na taa na vitu vya rangi vinavyopita. Mimi moja kwa moja nilipenda wale wadogo wenye mikia ya maua. Tumaini akanishika mkono. Akasema huyo kwa mkia ule beta atamwona dume mwenzake aliyekuja kumpokonya nchi. Nikaonyesha wengine wenye milia, wachangamfu, wanacheza kweli. Akasema hao wanachuna mapezi ya watu, ndiyo kazi yao, hawawezi kuacha hata ukiwafunza.

"Hao nimeshawahi kuwapokea," Mama akasema.

Yule wa dhahabu nikadhani hana neno, mnene, mpole. Kumbe anapenda maji ya baridi na anachafua nyumba, Kyela angechemka kama supu. Nikachoka. Kumbe urembo si kigezo, mdogo wangu, urembo ndio unaoleta kesi. Anayetafutwa ni mtu wa rangi ya kawaida, mapezi mafupi, asiyeng'ata, anayependa joto lile lile, na akae sehemu ya maji ambayo Malafyale hakai. Beta anakaa juu. Jirani atoke chini.

Mama alikuwa ameshaacha kutusikiliza. Ameinama kwenye tangi la mwisho, pua imegusa kioo.

"Hawa wenye ndevu kama wazee wa kanisa, ni ukoo gani?"

"Ni vikambale, mama," Tumaini akasema. "Hawakui zaidi ya kidole."

"Wana wivu?"

"Hawana nafasi ya wivu. Siku nzima wanatafuta chakula mchangani."

"Na huyo bwana akiwapigia kelele?"

"Wanasogea kidogo, wanaendelea kula."

Mama akafikiri. Akasema atampelekea mmoja kwanza, amjaribu. Tumaini akakataa kumuuzia. Alisema hao hawachukuliwi mmoja, mmoja anajikunyata na kufa kwa upweke, wanataka kundi lao. Basi ungeuona uso wa Mama. Aligeuka kunitazama kama wakili aliyeshinda kesi. Akasema hao ni Wanyakyusa, funga mzigo.

Tuliongeza na konokono mmoja wa manjano. Nilikuwa nimemuuliza Mama mbona konokono tunao bure kwenye majaruba, lakini hapo nilikukumbuka wewe muuguzi na mahubiri yako ya kichocho, nikajirudi mwenyewe. Huyu wa dukani amezaliwa dukani.

Wakati tunalipa Tumaini akasema neno moja la mwisho. Alisema tuweke vyungu na majani, kila mmoja awe na mahali pa kutoonekana. "Si kwamba wanachukiana, mama. Samaki mwenye maficho yake anatulia, hata hajifichi sana. Asiye nayo ndiye anayekimbia siku nzima."

Mama akapakata mifuko ya samaki. Kutoka Mbeya mpaka tunaipita Tukuyu hakusema kitu, na unajua Mama na safari, kila mgomba anautolea maoni.

Nyumbani tukaweka mchanga laini uliooshwa mpaka maji yakawa meupe. Mama akatoa vijungu vyake viwili vilivyofinyangwa na Wakisi, vilivyomeguka midomo, tukavilaza chini, tukapanda majani. Tulifuata tulivyofundishwa: mifuko ya samaki ielee kwanza hadi wazoee joto, wenyeji wapya waingie kabla, Malafyale aingie mwisho. Ili aone amekuta watu, si watu wamemkuta. Baba Kisa alisema mlangoni kwamba hiyo ni siasa safi. Beseni la maji tuliliweka kando tayari, na chujio la togwa juu yake.

Malafyale akaingia. Nilikuwa nimeshika kanga yangu kwa meno. Alizunguka polepole, mkia wake nusu rangi nusu nailoni. Akawaona. Akatanua mashavu. Vikambale wakamtazama, wakasogea kidogo, wakaendelea kula. Akatanua tena. Hakuna aliyemjibu. Akaenda kwa konokono, akamdonoa kipembe, konokono akaingia ndani na kufunga mlango. Malafyale akabaki amesimama hapo, hana wa kugombana naye, mpaka nikamwonea huruma. Kisha akapanda juu kwenye majani yake akalala. Asubuhi tulikuta ametengeneza kitanda cha mapovu pale juu, na Tumaini anasema hiyo ni dalili ya beta aliyetulia.

Sasa nisikilize hapa.

Ilibidi walindwe siku za mwanzo, na kila mtu alitaka kulinda. Zamu zikavunjika. Baba Kisa akawa anakaa kwenye kiti chake sebuleni, Mama anakaa kwenye kigoda koridoni nyuma ya pazia, amelifungua upenyo wa jicho moja. Mimi nakaa kwenye mkeka katikati, nasikia mwambie hivi, mwambie vile. Mwambie yule mwenye doa hajala. Mwambie alikula mchana. Jioni ya tatu nikaondoka kwenda kugeuza ugali. Nimefika jikoni, nawasikia bado wanaongea.

"Mama Kisa, mwambie Mama," Baba Kisa anasema, "ile stoo ya kakao ina ukuta unaotazama migombani. Mtu akitoboa mlango pale, anaingia na kutoka bila kupita sebuleni."

Mwiko nimeushika hewani.

"Sekela, mwambie Baba Kisa, na jiko?"

"Mwambie na jiko lake."

"Na kuku?"

"Mwambie kuku wote. Hata yule jogoo mkorofi."

Ugali ukaanza kuungua, nikauacha uungue.

"Mwambie nimesikia," Mama akasema.

Na mimi niko jikoni, Tumpale. Sijaambiwa na mtu, sijamwambia mtu.

Yule yule fundi wa vioo alituletea ndugu yake fundi ujenzi. Ukuta ulitobolewa, mlango ukawekwa, ukapakwa rangi ya kijani kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Juzi Ijumaa Patrick alimleta Mama na kitanda chake, na vyungu, na kuku wamefungwa miguu wanalalamika. Aliingia kwa mlango wake, akatoka, akaingia tena, kama anayefanya mazoezi. Kisha akaniita akaniambia chumba ni kizuri ila kimya mno.

Usiku wa Ijumaa kuamkia jana mvua ilinyesha unavyoijua ya kwetu. Leo kanisani wametangaza kwamba maji yameshaingia nyumba za chini Bujonde, watu wamesalimika, wako shuleni, wenye nafasi wawapokee. Nilimgeukia Mama. Nilidhani analia. Alikuwa anahesabu majirani zake kwa vidole.

Tulipotoka nje alimkuta Veronika, yule mjane wa upande wa pili wa njia yake, amesimama na kifurushi na nguo zimelowa mpaka magotini. Mama akamshika mkono. Kisha akatazama huku na huku, akamwona Baba Kisa chini ya paa la kanisa akingoja mvua ipungue. Akaenda mpaka mbele yake. Kanga ilikuwa mabegani, uso wazi, watu wote wanaona. Wala hakunitafuta kwa macho.

"Baba Kisa," akasema, "chumba ulichonipa kinatosha wawili. Naomba nije na Veronika."

Baba Kisa alishtuka kama mtu aliyeitwa na redio. Akanigeukia mimi haraka, "Mama Kisa, mwambie Mama..." Akaishia hapo. Akavua kofia.

"Karibuni, Mama," akasema. "Karibuni wote."

Ndivyo tulivyorudi, sote wanne chini ya miavuli miwili. Hivi ninavyoandika nawasikia wamama wawili nyuma ya ukuta wanacheka, na Mama anamuuliza Veronika kama anakoroma, maana lazima kuuliza kabla. Ndaga fijo, asante sana kwa huyo samaki wako, mdogo wangu. Usije ukamdai, hatutamrudisha.

Nisalimie wenzako wa zahanati, na yule mama mwenye nyumba anayekupikia uji. Baba Kisa anakusalimu sana, anasema mgongo umepona leo. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na usile peke yako. Hezroni nimeshamtumia ujumbe wa simu, amejibu kwa kumshukuru Mungu na kuuliza habari za kuku.

Bwana akutunze kwenye vumbi hilo, akulinde zamu za usiku, na akupe majirani wapole.

Ni mimi dada yako, akupendaye kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba,

Sekela, Mama Kisa.